Ngozi ya Taratibu, Punda wa Busi

Hakuna mtu kijijini Busi aliyewahi kumwona Mwajabu binti Athuman amepanda punda wake mwenyewe. Alitembea pembeni, mkono wa kushoto shingoni mwa mnyama, mkono wa kulia mgongoni mwa aliyepandishwa, na aliyepandishwa siku zote alikuwa mwanamke mwenye uchungu. Kwake punda alikuwa na kazi mbili tu, maji na wajawazito. Mbolea ibebwe na mkokoteni, alisema, na mahindi ya mnadani yapande lori.

Kazi hiyo hakuiomba. Mama yake alikuwa nayo, na bibi yake kabla ya hapo. Nyumba yao ipo juu kabisa, pale njia ya mlimani inapoanza kuteremka kwenda kituo cha afya, na mwanamke yeyote wa vitongoji vya nyuma akishikwa na uchungu alilazimika kupita mbele ya mlango wao. Basi tangu enzi za bibi ikawa hivyo: apitaye na tumbo, punda anatandikwa. Hakuna aliyetozwa kitu. Mtoto akizaliwa salama, baba yake alileta kapu la pumba kwa ajili ya punda, wala si kwa ajili ya mwenye punda, na mambo yakaishia hapo. Hapakuwa na kikao, wala mradi, wala bango lenye jina la mfadhili. Watu walijua tu linalopaswa kufanywa, jambo ambalo siku hizi hufundishwa kwenye semina na halifanyiki.

Ipo barabara ya magari, ndiyo. Inapita ndani ya korongo, na mvua zikianza korongo linakuwa mto wa tope, bodaboda zinalala majumbani. Njia ya punda inalizunguka korongo kwa juu, katikati ya mawe. Kwato linaiweza. Tairi haliiwezi.

Munira, mtoto wa pekee wa Mwajabu, alizaliwa kwenye njia hiyohiyo mwaka wa zile mvua za El Nino, chini ya ubavu wa punda, bibi yake akiwa amekinga kanga. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa mzaha. Ndiye aliyempa punda dume la nyumbani jina la Bwana Shauri, kwa sababu halikuweza kupita kundi la watu bila kusimama na kutega masikio kama linasikiliza kesi. Jike aliitwa Taratibu, na jina lilimfaa. Aliteremka mawe yale akipima kila hatua, na mwanamke mwenye uchungu aliweza kufumba macho juu yake.

Munira alipokuwa na mimba ya pili, hofu ilikuwa moja na nyumba nzima iliijua. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alitolewa kwa upasuaji. Nesi wa kituo alimwekea kidole kwenye kovu akamwambia mbele ya mama yake:

"Safari hii usikae nyumbani kusubiri. Wiki za mwisho hamia Kondoa mjini, karibu na hospitali. Na uchungu ukikuwahi kabla ya hapo, mbio. Kovu hili likifunguka kwa ndani, mtu anatokwa damu mpaka inaisha."

Njiani kurudi, Munira alitembea mkono ukiwa juu ya kovu. Mwajabu akamgusa bega.

"Unaogopa nini? Taratibu yupo."

"Mama, wewe ukiambiwa Kiama kesho utasema Taratibu yupo."

"Na atakuwepo."

Mgeni alikuja kabla ya mvua, mwezi ambao vumbi la Kondoa linaingia hadi kwenye meno. Alikuja na pikipiki, akaizima mbali kidogo na uwanja, jambo ambalo watu wenye adabu tu hulifanya.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini."

Aliitwa Sostenes. Alisema anatoka Bahi, anawatafutia wakulima wa mpunga punda wa kutoa magunia majarubani, maana mkokoteni kule unazama. Maneno yalikaa vizuri. Bahi inajulikana, na tope lake linajulikana. Alimtazama Bwana Shauri, ambaye alikuwa amesimama karibu yao akisikiliza, akataja bei kubwa kuliko ya punda kijana.

Hamidu, kaka yake Mwajabu, alikuwa ameketi akichonga mpini wa jembe. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Huyu? Utafika naye Bahi mpunga umeshaliwa, umenyewa, umepandwa mwingine."

"Mzee wangu, kule anakwenda kupumzika. Mizigo miepesi tu."

"Kapumzike wewe, umwachie yeye pikipiki."

Kisha akamvuta dada yake pembeni. "Kijana huyu hajui punda. Muuzie haraka, kabla hajapata mtu wa kumfundisha."

Mwajabu aliuza. Bwana Shauri alikuwa hawezi tena hata madumu mawili, na Munira alihitaji chumba cha kupanga Kondoa zile wiki za mwisho. Alimpangusa punda vumbi usoni, akamwambia asimtie aibu ugenini.

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa ambalo mtu wa mji asingelifanya. Busi ni Waislamu, na punda haliwi. Mnyama asiyeliwa, kwa akili zao, ni mnyama asiyechinjwa. Anafanya kazi, anazeeka, anakufa, anaachiwa fisi. Mwizi wa ng'ombe tangu enzi na enzi alipita karibu na punda bila kugeuza shingo. Atamfanyia nini? Akimpanda, kila mtu atamtambua kwa sikio lililokatwa alama. Akimchinja, amwuzie nani? Watu wale walihesabu hatari zote za dunia waliyoijua, na katika dunia hiyo hapakuwa na mtu wa kumnunua punda ili amuue.

Mgeni hakuachwa aondoke na njaa. Aliandaliwa ugali wa uwele na mlenda, akala, akasifu. Halafu akamwangalia Taratibu, aliyekuwa ananyonyesha mwanawe, kihongwe wa siku chache, miguu bado inagongana.

"Na huyu, mama?"

"Huyu hauzwi. Huyu ni wa wajawazito."

"Basi nimpige picha tu."

"Ya nini?"

"Ya kumbukumbu. Punda mzuri hivi, ngozi inang'aa."

Munira alicheka kutoka mlangoni, mkono juu ya tumbo. "Mama, mpake mafuta basi! Taratibu anaingia kwenye simu leo."

Picha ikapigwa, ya mbele na ya ubavuni. Sostenes alirudisha simu mfukoni, akanawa mikono, akauliza kama anayepoteza muda: "Na usiku mnawafunga wapi?"

"Tuwafunge wana kosa gani?" alisema Mwajabu, na wote wakacheka, hata mgeni. Akamweleza kwa raha, kama mwenyeji anavyoeleza vitu vya kwao. Punda wa Busi hawafungwi. Wakimaliza kazi wanateremka wenyewe korongoni, panapobubujika maji kidogo, wanalala juu ya mchanga uliobaki na joto la jua, na alfajiri akitikisa kopo la chumvi wanapanda.

Wiki iliyofuata nyumba nyingine tatu ziliuza madume yao. Watu walimwonea huruma mgeni kwa ujinga wake.

Mvua zilikuja, na zilikuja kwa fujo. Munira alikuwa bado hajahamia mjini. Chumba kilikuwa kimelipiwa, begi limefungwa, safari ilikuwa ya Jumamosi. Uchungu ulimshika Alhamisi, kulipopambazuka. Alimwita mama yake mara moja tu, lakini kwa sauti ambayo Mwajabu hakuhitaji kuuliza.

Alichukua kopo la chumvi, akatoka uwanjani, akalitikisa. Alisubiri. Akatikisa tena. Kwa kawaida masikio ndiyo yaliyotangulia kuonekana juu ya ukingo, kisha kichwa, kisha mgongo. Safari hii hakukuonekana kitu. Kulikuwa na kunguru tu, wengi, wakipanda na kushuka mahali pamoja.

Aliteremka akikimbia, kopo likilia mkononi.

Chini korongoni, juu ya mchanga uliolowa ambao tope lilikuwa halijaufikia, walilala punda wanne, wote waliokuwa wamebaki kwa Mwajabu na majirani zake. Kwanza hakuelewa anachokiona. Alidhani ni ng'ombe waliochinjwa, maana nyama nyekundu ni nyekundu, na yeye hakuwahi kumwona punda kwa ndani. Nyama yote ilikuwepo. Paja lilikuwepo, mbavu zilikuwepo, maini hayakuguswa. Kilichoondolewa ni ngozi peke yake, imevuliwa kwa ustadi kama kanzu, kuanzia shingoni hadi juu ya kwato. Vichwa vilikuwa vimeachwa na manyoya yake, macho wazi, na hapo ndipo alipomtambua Taratibu: uso ule ule aliouzoea, halafu chini ya uso hakuna mnyama anayemjua.

Kihongwe alikuwa amesimama hapo. Alikuwa anasukuma pua yake mahali ambapo jana palikuwa na titi.

Mwajabu aliwafukuza kunguru kwa kopo. Mtu anaua ng'ombe ale, hilo analijua. Mtu anaua fisi kwa hasira. Lakini kuua kazi nzima ya Mungu, kisha uvue ganda lake na kuondoka? Alisimama kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango unazungumza. Kisha akakumbuka kilichomleta, na woga juu ya Munira ukamgeuza, akapanda ule ukingo kwa mikono na miguu. Kihongwe akamfuata.

Hamidu alikuwa ameshafika. "Yuko wapi?" aliuliza.

"Wamemvua."

"Wamemvua nini?"

"Ngozi, kaka. Wamemvua ngozi, wamemwacha."

Hamidu alimtazama dada yake kama amepandwa na homa. Hapakuwa na wakati wa kumwaminisha. Simu ya Munira ilikuwa inaita. Mumewe, Abdulrahim, alikuwa Dodoma, mpakuzi wa magunia ya nafaka pale soko la Majengo. Alikuwa ameshaonyeshwa kwenye kioo cha simu uso wa mkewe ukijikunja, akawa analia mbele ya wachuuzi. "Nimewatumia bodaboda! Nimeshamlipa!" Na kweli, bodaboda ilikuja, ikafika ng'ambo ya korongo, ikazama hadi kwenye kiti. Simu ile ilikuwa na nguvu ya kumleta Abdulrahim mwenyewe hadi kitandani. Haikuwa na nguvu ya kumsogeza Munira hata hatua moja.

Hamidu alipiga yowe la msaada. Zamani, yowe kwenye mlima ule lilileta vijana wenye mabega, wakagombea nani ashike machela mbele. Leo yowe lilileta wazee. Vijana wako Dodoma wanachanganya zege la maghorofa ya serikali, na waliobaki wako Babati au hawajulikani walipo. Walikuja wazee na akina mama, wakamlaza Munira kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba kwa njia ya mawe, wakibadilishana kila baada ya kilima kidogo, wengine wakikohoa, mmoja akianguka na kuinuka. Njia ambayo Taratibu aliimaliza kabla jua halijachoma, wao waliimaliza adhuhuri imeadhiniwa. Mahali fulani katikati ya njia Munira alitoa ukelele mmoja, halafu maumivu yakaacha ghafla. Wabebaji walishukuru. Mwajabu, aliyekumbuka maneno ya nesi, hakushukuru. Alitazama kamba za kitanda, akaona zinabadilika rangi.

Kituo hawakuweza, wakaitiwa gari la wagonjwa hadi hospitali. Pale walimpasua. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri, amekamilika, na alikuwa ameshakufa. Kovu lilikuwa limefunguka kama nesi alivyosema. Ili kuizuia damu, ilibidi waondoe mji wa uzazi wenyewe.

Damu ikawa ndiyo habari. Jokofu lilikuwa na chupa moja ya kundi lake, wakaitundika, ikaisha. Daktari akasema zinahitajika nyingine, na hazipo; wametafuta kwa jirani, nako hazipo. Abdulrahim alifika na basi akiwa na vumbi la unga kichwani, akanyoosha mkono. Kundi lake halikulingana. Hamidu alikataliwa kwa umri. Mwajabu alilingana na mwanawe. Mpimaji alimgeuza kope la chini, akalitazama lilivyo jeupe, akasita.

"Mama, wewe mwenyewe huna nyingi."

"Toa iliyopo."

Wakatoa. Munira akapona kwa hiyo, na kwa nyingine iliyopatikana siku ya pili kwa mwanafunzi mmoja aliyejitolea. Alipona maana yake alipumua, akafungua macho, akauliza mtoto yuko wapi.

Siku ya tatu alikuja Thobias, bwana mifugo wa kata, na buti zake zina tope la korongoni. Alikuwa mtu mpole. Alisalimia vitanda vyote kabla ya kuketi.

"Mama Munira, pole sana. Nimewaona. Si Busi peke yake, kuna sehemu tumekuta zaidi ya hao. Biashara hii serikali imeshaipiga marufuku, ndiyo maana sasa wanaifanyia porini."

"Biashara gani, mwanangu? Nyama wameiacha."

"Hawataki nyama. Ngozi inakaushwa, inavushwa, inakwenda ng'ambo ya mbali. Kule wanaichemsha inakuwa dawa."

"Dawa?"

"Ndiyo. Inatakiwa sana. Punda wa kwao wamewamaliza, sasa wanatafuta wa wenzao. Huyo aliyekuja na pikipiki alisema anakwenda wapi?"

"Bahi."

Thobias akatikisa kichwa. Alikuwa amepiga ile namba Sostenes aliyowaachia wauzaji, haipatikani. Bwana Shauri hakuwahi kuiona Bahi.

"Dawa ya nini?" aliuliza Mwajabu.

"Hapo umenishinda, mama. Mimi nilisomea ng'ombe."

Alipoondoka, Mwajabu alibaki na neno lile. Na hapa ndipo unapoweza kumjua alikuwa mtu wa namna gani. Alianza kuwatafutia udhuru. Labda huko kuna ugonjwa mkubwa, alifikiri, tauni, kitu kinachoua watoto nyumba kwa nyumba, na watu wakiwa wamekata tamaa wameambiwa dawa iko kwenye ngozi ya punda. Mama wa huko naye ana mwana. Kama mtoto wa mtu aliponea kwa Taratibu, basi angalau Taratibu alikufa kazini. Aliligeuza jambo hilo siku nzima, na lilikuwa linaanza kumpa nafuu.

Wodini kulikuwa na msichana anaitwa Ritha, mwanafunzi wa uuguzi kutoka chuo kikuu cha Dodoma, amekuja kwa mazoezi. Jioni alipokuja kupima joto la Munira, Mwajabu alimshika mkono.

"Mwanangu, wewe unasoma. Hii dawa ya ngozi ya punda inatibu nini?"

"Ngozi ya punda, bibi?"

"Wanaichemsha huko ng'ambo. Nataka kujua imemponya nani."

Ritha alidhani ni mambo ya waganga, akataka kucheka. Alipoelezwa, akaacha kucheka. Alitoa simu, akaandika, akasoma, akasoma tena huku uso wake ukibadilika. Mwajabu aliona kwenye kioo sanduku jekundu lenye maandishi ya dhahabu, na ndani yake vipande vyeusi vinavyong'aa kama sukari guru. Pembeni alikuwepo mwanamke kijana amembeba mtoto mchanga, amevaa vizuri, anatabasamu.

"Niambie, mwanangu."

"Bibi, labda kesho…"

"Niambie."

"Wanasema inaongeza damu."

Mwajabu aliukunjua mkono wake uliotolewa damu. Ritha akaendelea. "Akina mama waliojifungua wanakunywa. Na wengine… wengine wanakunywa ili ngozi ya uso ing'are. Wanachanganya hata na ufuta, kama peremende."

"Akina mama waliojifungua."

"Ndiyo, bibi."

"Hospitali zao hazina damu?"

"Zinayo. Wana hospitali kubwa sana. Nyingine ziko mtaa kwa mtaa."

"Na hiyo dawa, inaongeza kweli?"

Ritha alizima simu. "Sisi hatukufundishwa hivyo. Hakuna aliyethibitisha vya kutosha."

Mwajabu aligeuka akamtazama Munira. Alikuwa amelala, midomo myeupe kama majivu, sindano ya mkononi imefungwa na plasta, chupa iliyotundikwa juu ina maji ya chumvi, si damu. Ule udhuru aliokuwa ameushona siku nzima ulimdondoka. Si tauni. Si watoto wanaokufa. Ni mwanamke mwenye damu tele, kwenye mtaa wenye hospitali, anayetaka kuwa na damu zaidi kidogo. Naye hajui. Mwajabu hata wa kumchukia hakumpata. Yule mwanamke wa kwenye sanduku hajawahi kusikia jina la Busi. Anatafuna Taratibu kama peremende, anatabasamu.

Redio inatuambia kila siku kwamba dunia sasa ni kijiji kimoja. Sisi tuliozaliwa kijijini tunakijua kijiji. Kijijini mke wa jirani akiwa na uchungu, humchuni punda wake.

Alipofika nyumbani, Mwajabu alimkuta kihongwe mlangoni, amekonda, akinywa maziwa ya mbuzi kwa mkono wa Hamidu. Munira alipopata nguvu za kukaa, aliichukua kazi hiyo yeye. Ndani ya lile begi lililofungwa kwa safari ya mjini kulikuwa na chupa ya kunyonyeshea, mpya, yenye picha ya sungura. Aliitoa, akaijaza maziwa, akamwekea kihongwe mdomoni. Mama yake alitoka nje asione.

Tangu hapo Mwajabu hatembei bila kihongwe. Kamba imefungwa shingoni mwa mnyama, na ncha ya pili kiunoni mwa Mwajabu. Shambani wako pamoja, kisimani pamoja, msibani anakaa ukumbini na kamba imepita dirishani. Watoto wanamcheka: "Bibi na mjukuu wake!" Giza likiingia, wanalala chumba kimoja. Katika ukoo ule ambao haukuwahi kumfunga punda, kamba ndiyo kitu cha kwanza mnyama huyu atakachokijua.

"Mtengenezee zizi," Hamidu alimwambia.

"Zizi lina mlango."

"Ndiyo."

"Mlango unafunguliwa."

Juzi simu iliita. Sauti ilikuwa ya kijana mwingine, mchangamfu. "Shikamoo mama. Tumesikia una punda mdogo."

"Mmesikia wapi?"

Kijana alicheka. "Mama naye! Dunia ya leo habari zinatembea zenyewe." Mwajabu aliikata, akaikaza kamba kiunoni, ingawa ilikuwa imekaza.

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja Mwanaidi, jirani wa kitongoji cha nyuma, amebeba kapu la pumba kichwani na mimba mbele. Ni wa nne kuleta. Enzi zile pumba zililetwa mtoto akishazaliwa salama. Sasa wanawake wanazileta mapema, mimba ikianza tu kuonekana, ili kihongwe ale, akue upesi.

Mwanaidi alitua kapu, akasalimia, akamsogelea mnyama. Aliweka kiganja juu ya mgongo wake, akaukandamiza kidogo. Mgongo ukabonyea, miguu ikayumba.

"Bado," alisema Mwajabu.

"Hata mwezi wa saba, siku zangu zikifika?"

"Bado, mwanangu. Huyu mpaka mwakani, na mwakani mwingine."

Mwanaidi aliondoa kiganja. Kisha akajitanda kanga yake vizuri juu ya tumbo, akaaga, akaanza kurudi kitongojini kwa miguu.